Msimu wa Pili, Sehemu ya Tisa

Alhamisi, saa mbili usiku, Winipeg,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Bi Olenka hugonga ukuta kwanza, halafu mlango,
ana sahani ya maandazi yake yasiyo na sukari, viazi ndani,
na swali lile lile tangu Septemba:
“Wameshafika?”

Hawajafika, Bi Olenka.
Msimu wa kwanza walikuwa wanaondoka tu:
bendera, vilio nyuma ya vioo,
kapteni akiihutubia dunia kana kwamba ingemjibu.
Kila wiki sayari mpya, kila sayari karamu.
Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Msimu wa pili ni jembe.
Ni vichujio vya hewa, ni zamu,
ni nani kamaliza chumvi.
Sehemu ya nne, saa nzima, walitafuta skrubu moja.
Mbaruku wangu, miaka kumi na mmoja, alipiga miayo akaenda kulala.
Sisi wawili tukabaki, tumeshika mikono ya viti.

Mimi nafua mashuka ya hoteli tatu, karibu na reli.
Najua mashine inavyoguna siku mbili kabla ya kufa.
Kwa hiyo fundi Pelham akiweka sikio kwenye bomba
la chombo kile kiitwacho Kerengende,
akafumba macho, akasema “bado,”
namwamini kuliko daktari.
Bi Olenka hasikii vizuri. Anasoma midomo.
Kiingereza chetu sote wawili ni cha mkopo,
tunakilipa polepole.
“Yule wa mabomba,” huniambia, “ndiye mtu.
Kapteni ni nywele tu.”

Jumatatu aliteleza kwenye ngazi za nje,
barua mkononi, nyonga ikavunjika.
Wakamchukua na slipa moja.
Ya pili iko kwangu, juu ya kipasha joto,
sijui naikaushia nini.

Alhamisi, basi, sehemu ya tisa.
Pelham alitoka nje kufunga valvu, kamba ikakatika.
Kamera haikumfuata.
Walituonyesha kikombe chake tu,
kinaelea, kinageuka,
kinaonyesha ufa wake, kinauficha.
Mbaruku alisema “eh,” kisha hakusema kitu.

Nikachukua bili ya gesi, nikaigeuza,
nikahesabu mizani kwa vidole vinavyonuka sabuni:

Fundi hajafa jamani, yuko kule anaziba,
Spana yake mkononi, baridi inamkaba,
Chai yake i jikoni, msinywe, hiyo ni haba,
Msimu wa pili huu, mtu hafi kwa wepesi.

“Mama, lakini kafa,” Mbaruku akasema, akisoma begani kwangu.
“Wiki ijayo kuna mazishi. Wameonyesha kipande.”
Nilimwambia akapige mswaki.

Simu ililia mara sita ndipo akaipokea.
Sauti yake nyembamba, dawa zimeikwangua.
“Niambie. Yule wa mabomba?”
Nje greda lilikuwa linasukuma theluji,
taa yake ya njano ikipita ukutani, ikirudi.
“Amerudi,” nikasema. “Kaingia kwa mlango wa nyuma.”
“Chombo cha angani kina mlango wa nyuma?”
“Kinao. Wa jikoni.”
Akacheka hadi akakohoa,
na nyuma ya kikohozi nikausikia:
ule muziki wa mwisho, filimbi na ngoma moja,
majina yakipanda kwenye runinga ya wodi,
mtu akiuliza kwa sauti nani ana rimoti.

Nikanyamaza. Masikio yakawaka moto.
Nikaishika slipa, sijui kwa nini.

“Mbona umenyamaza?” akasema Bi Olenka.
“Endelea. Kaingia jikoni.
Haya, na chumvi, wamepata?”